Jinsi ya kutembelea karakana za kauri Jingdezhen ukaona kazi yenyewe, siyo duka tu

Kama upo Guangzhou au Yiwu kufuata mzigo na una siku mbili tatu unasubiri tu kontena lijae, au unasoma chuo huko China na likizo imefika, usizimalizie zote kwenye mall. Panda treni nenda Jingdezhen, mkoa wa Jiangxi. Huu mji umekuwa ukitengeneza vyombo vya kauri kwa zaidi ya miaka elfu moja, jina lenyewe walipewa na mfalme mwaka 1004, na mpaka saivi ukikatiza mitaa ya mafundi unaweza kupishana na mtu kabeba ubao mrefu begani umepangwa mabakuli mabichi na wala hayatikisiki. Shida ni kwamba wengi wakifika wanapiga video ya yule fundi anayefinyanga, wananunua vikombe, wanaondoka, na uhondo wenyewe ulikuwa meza ya pili yake.

Kabla hujaenda, kama upo nyumbani bado, pita kwanza uangalie vitu vyetu. Gede na Fort Jesus kule Kenya kuna vipande vya kauri za Kichina kibao, Kilwa vimefukuliwa vingi, makaburi ya nguzo ya Kunduchi pale Dar yalipachikwa mabakuli ya Kichina, na zile nyumba za mawe za Lamu vidaka vya ukutani vilikuwa vinapangwa sahani hizohizo. Siyo vyote vimetoka Jingdezhen, vile vya rangi ya kijani vingi ni vya Longquan, mkoa mwingine kabisa, ila vile vyeupe vyenye maua ya bluu ndo kazi iliyoupa huu mji umaarufu. Ukishaviangalia kwa karibu, kingo zake, chini ya kitako, ukifika kule utajua unatafuta nini.

Usafiri siyo ishu. Stesheni inaitwa Jingdezhen North, ukitokea Guangzhou mara nyingi utabadilisha treni Nanchang, ukitokea upande wa Hangzhou pia zipo. Tiketi unakata kwa pasipoti na pasipoti hiyohiyo ndo unapitia getini, kwa hiyo usiiache hotelini ukadhani utatumia picha kwenye simu. Unganisha Alipay au WeChat, zile programu zao za kulipia kwa simu, na kadi yako mapema maana fundi wa uchochoroni hana mashine ya kadi na wala hana chenji. Wiki ya kwanza ya Oktoba usiende kabisa, hiyo ni sikukuu yao ya taifa na China nzima iko barabarani. Julai na Agosti joto la kule linanata kama Dar mwezi wa pili, mi ningechagua mwisho wa Oktoba au Novemba. Chakula cha Jiangxi pilipili ni nyingi sana, na kwa Waislamu tafuta zile migahawa ya tambi za Lanzhou, zipo karibu kila mji wa China na nyingi ni halali.

Sasa ukifika anza na udongo, yani usianze na duka wala makumbusho. Kuna bonde linaitwa Sanbao, nje kidogo ya mji, karakana zimejipanga kando ya kijito, na huko bado utaona nyundo za mbao zinazoendeshwa na maji, zinainuka zinaanguka zinaponda mawe usiku na mchana bila mtu kushika. Watu wengi wanadhani kauri ni udongo tu, hapana, ni vitu viwili. Kuna jiwe la kauri linalopondwa likawa unga, unga unachujwa kwenye maji mara kadhaa, ule mlaini unaobaki unakandikwa kwenye matofali madogo meupe. Alafu kuna kaolini, ule udongo mweupe ambao dunia nzima inauita kwa jina la kilima cha Gaoling kilichopo hapohapo wilaya ya Fuliang. Jiwe ndo linayeyuka kidogo kwenye moto na kukifanya chombo kiwe kigumu na kipitishe mwanga, kaolini ndo inakishikilia kisiporomoke kwenye joto kali. Jiwe peke yake moto ukipanda sana chombo kinalegea kinapinda. Ukishalielewa hili, mengine yote utakayoona yatakuwa na maana.

Baada ya hapo nenda Guyao, makumbusho ya matanuri ya kale. Kiingilio unalipa, na ndiyo, pamekaa kitalii, mpaka kuna bendi inapiga ala za kauri, lakini mafundi waliokaa pale ni wa kweli, wengi watu wazima waliolelewa kwenye hii kazi, na wamepangwa kwa mstari kufuata hatua za kazi. Nenda asubuhi mara tu wakifungua, kabla mabasi ya watalii hayajafika, maana mchana mafundi wanakula na kupumzika utakuta viti vitupu.

Wa kwanza ni mfinyanzi. Kachuchumaa juu ya gurudumu kubwa, anachomeka fimbo kwenye tundu ukingoni, anazungusha kwa nguvu mara kadhaa, anaitupa fimbo pembeni, na gurudumu linaendelea lenyewe kwa muda wa kutosha kutoa bakuli zima, wakati mwingine na la pili. Ni show nzuri, watu wanapiga makofi. Ila liangalie lile bakuli vizuri, nene, zito, halina umbo la maana. Yeye hajamaliza kitu, kazi yake ni kutoa nyama tu.

Msogelee anayekwangua. Huyu watu wanampita na mi naona ndo roho ya karakana nzima. Bakuli limeshakauka, analipachika kichwa chini juu ya gurudumu, anachukua visu vya chuma alivyovinoa na kuvikunja mwenyewe, na anaanza kukwangua. Kaa kimya hapo hata nusu saa. Utaona nyuzi za udongo zinaruka kwenye kisu, kisha zinakuwa unga, na kila baada ya muda anasimama, analigonga bakuli kwa kidole, anasikiliza. Ile sauti ndo inamwambia unene umebaki kiasi gani na wapi bado pazito, hana kipimo kingine mkononi. Akizidisha kidogo tu kisu kinatokea upande wa pili na kazi ya watu watatu imeisha hapo, na yeye hata hakunji uso, anatupa kipande kwenye ndoo kinalowekwa kinarudi kuwa udongo. Zile kauri nyembamba unaziona kivuli cha vidole kwa upande wa pili hazikufinyangwa hivyo, zilikwanguliwa hivyo. Alafu kumbuka chombo kikiingia motoni kinasinyaa kama asilimia 15 mpaka 20, kwa hiyo yeye anakwangua chombo kikubwa huku kichwani anaona kidogo, na chombo na kifuniko chake lazima visinyae pamoja.

Ukiwa na pumu au kifua, vaa barakoa hapo. Lile vumbi kavu ni baya kwa mapafu, mafundi wa zamani wengi liliwaumiza.

Kitu kingine cha kujua ni kwamba kwa utaratibu wao wa asili chombo hakichomwi kwanza, kinapakwa rangi kikiwa kibichi na kinaingia motoni mara moja tu. Ndo maana usiguse kitu chochote kilichopo kwenye mbao hata kama kinaonekana kikavu na kigumu, ukikinyanyua kwa ukingo utabaki na ukingo mkononi. Na hakuna atakayekugombeza kwa sauti, ila utajisikia vibaya mwenyewe.

Wachoraji mara nyingi ni akina mama na wasichana. Mmoja anachora mistari tu, mwingine anajaza rangi, hawachanganyi kazi. Ile bluu ni kobalti, na kwa desturi inakorogwa na maji ya chai, na cha ajabu ikiwa mbichi wala siyo bluu, ni kijivu cheusi hivi, haivutii kabisa. Anayejaza ana brashi nene iliyovimba maji, anaisukuma rangi ndani ya mistari bila brashi yenyewe kukwaruza udongo, na pale anapotaka weusi mwingi anaacha maji yakae kidogo zaidi. Udongo mkavu unafyonza papo hapo, hakuna kufuta. Kisha chombo kinapitishwa kwenye uji wa kung'arisha, ama kwa kuchovya, ama kwa kupulizwa kwa mdomo kupitia kijibomba cha mwanzi kilichofungwa kitambaa chembamba, na mchoro wote unapotea chini ya weupe. Aliyechora hauoni tena mpaka tanuri lifunguliwe.

Matanuri yapo hapohapo Guyao, yamepewa majina ya koo za wafalme wa zamani wa China, kuna la enzi za Song refu linalopanda kilima, la Yuan, la Ming, na lile la Qing lenye umbo la nusu yai lililolazwa. Uwe tayari kuyakuta yamepoa, hayawashwi kila siku, lile la Qing likiwashwa ni tukio la watu kuja na kamera. Ingia ndani, angalia kuta zilivyong'aa kwa kuni za msonobari zilizochomwa humo, na angalia vile visanduku vya udongo ambavyo vyombo viliwekwa ndani yake visipigwe na majivu. Joto linafika kama nyuzi 1300 na hapakuwa na kipimajoto, fundi mkuu alikuwa anachungulia rangi ya moto, na inasimuliwa kwamba alikuwa anatema mate ndani na kuangalia yanavyoishia. Kitabu cha ufundi cha mwaka 1637 kinasema chombo kimoja kinapita mikono 72 mpaka kiishe, na ukiwa umesimama pale baada ya kuona mstari wote haikupi tabu kuamini.

Adabu kidogo. Fundi muite "shifu", ni heshima kama unavyosema fundi au mzee, na ukitaka picha onyesha simu kwanza usubiri akubali. Kwa wachoraji wa karakana binafsi usipige picha ya michoro karibu karibu, wanaibiana sana mitindo na wana haki ya kuogopa. Programu ya kutafsiri inatosha kwa maswali, ila swali zuri kuliko yote ni kunyoosha kidole kwenye kisu, mafundi wanapenda kuonyesha visu vyao.

Ukibaki na muda pita makumbusho ya tanuri la kifalme katikati ya mji, weka nafasi kabla na usiende Jumatatu. Humo wameunganisha vyombo vilivyovunjwa makusudi kwa sababu vilikuwa na kasoro na mfalme hakutakiwa kuletewa kasoro, vikafukiwa hapohapo. Mi kuna vingine nilivikodolea macho sikuiona hiyo kasoro.

Ukitaka kujaribu mwenyewe zipo karakana za kulipia, maeneo ya Taoxichuan, kile kiwanda cha zamani chenye mabomba ya moshi, na kiwanda cha sanamu. Ila kikombe chako lazima kikauke, kipakwe, kichomwe, na hiyo ni wiki kadhaa, kwa hiyo usiahidi watoto zawadi. Waachie anwani ya mtu wako Guangzhou watume huko.

Kununua, nunua kwa vijana wanaopanga bidhaa zao wenyewe kwenye masoko ya wikiendi. Anayekuambia chungu chake ni cha enzi za Ming muage kwa upole, muhuri wa mfalme chini ya kitako hauna maana yoyote, unapigwa mpaka leo, na kama kweli kingekuwa cha kabla ya 1911 forodha ya China isingekuruhusu kutoka nacho. Gonga kwa kucha usikilize, sauti ikiwa bubu kuna ufa. Cha kulia chakula chagua ambacho mchoro upo chini ya mng'aro, pitisha kidole usiusikie, maana zile rangi nyekundu na njano zilizokaa juu zingine zina madini ya risasi yenye sumu, hizo weka kabatini. Vyenye ukingo wa dhahabu usiweke kwenye maikrowevu. Vichache beba mkononi, ndani ya kikombe jaza soksi, na vikienda na kontena wasimamie wapakiaji wazipange sahani kwa ubavu zimesimama, zikilazwa zile za chini hazifiki.