Namna ya Kutumia Mafuta ya Haradali kwa Desturi ya Ayurveda

Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya Bara Hindi, kila aina ya mafuta ina tabia yake, na tabia ya mafuta ya haradali ni ukali na joto. Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vya msingi vya tiba hiyo, huyaeleza kuwa yanapunguza kapha, yaani ubaridi na belghamu, pamoja na vata, yaani upepo, tena yanaondoa mwasho wa ngozi. Lakini kitabu hicho hicho kinasema kwamba yanachafua damu na kuchochea pitta, ambayo ni joto la nyongo. Anayezingatia sehemu ya kwanza ya maelezo hayo na kuiacha ya pili atayatumia vibaya.

Ndiyo maana mafuta haya yamezoeleka zaidi Punjab, Bihar, Bengal na maeneo mengine ya kaskazini na mashariki mwa India, ambako watu hujipaka wakati wa kipupwe kisha wakaota jua la asubuhi, ilhali watu wa Kerala, kwenye joto na unyevu wa kusini, hupendelea ufuta na nazi. Kwa kipimo hicho, mkazi wa Tanga hana sababu ya kujikanda kwa haradali katikati ya Februari. Mkazi wa Njombe mwezi Julai anayo.

Unaponunua, chagua mafuta yaliyokamuliwa bila moto, ambayo Wahindi huyaita kachi ghani, yaliyomo ndani ya chupa iliyofungwa kiwandani na yenye harufu kali inayopanda puani. Usinunue ya kupimiwa. Mwaka 1998, mjini Delhi, zaidi ya watu 60 walikufa baada ya kula mafuta ya haradali yaliyochanganywa na mafuta ya mbegu za argemone, mmea wenye sumu inayovimbisha mwili na kudhuru moyo. Jihadhari pia usiyachanganye na mafuta ya haradali ya kunereka, yanayouzwa katika vichupa vidogo, kwa sababu hayo huunguza ngozi na hayafai kupakwa kabisa.

Kabla ya kuyatumia kwa mara ya kwanza, paka matone mawili upande wa ndani wa mkono na usubiri hadi kesho yake; ngozi ikiwa nyekundu au ikitoa vipele, acha. Ikiwa salama, tia robo kikombe cha mafuta katika sufuria ndogo, ongeza punje tatu au nne za kitunguu saumu zilizopondwa kidogo na nusu kijiko cha chai cha mbegu za uwatu au za ajwaini, kiungo cha Kihindi chenye mbegu ndogo, kisha pasha kwa moto mdogo mpaka kitunguu kigeuke rangi ya kahawia. Chuja, uache yapoe hadi yawe vuguvugu, na uyajaribu kwenye kifundo cha mkono kabla ya kuyapaka kwingine.

Kukanda mwili mzima, kunakoitwa abhyanga, hufanywa asubuhi kabla ya kula. Mikono na miguu hukandwa kwa viganja vinavyotembea juu na chini kwa marefu, viungo kama magoti na mabega kwa mizunguko, na tumbo kwa wepesi kufuata mwendo wa saa. Baada ya dakika 15 hivi, oga maji ya uvuguvugu na ujisugue kwa unga wa dengu, ambao huondoa mafuta bila kukausha ngozi kama sabuni. Waalimu wa Ayurveda hukataza kukandwa mwenye homa, aliyevimbiwa au aliyetoka kula sasa hivi, nami ningeongeza mwenye kidonda au ukurutu.

Kwa mafua, hupakwa kifuani, mgongoni na nyayoni kabla ya kulala. Ujoto wake hufariji, lakini si tiba ya nimonia: mtoto anayepumua kwa kasi, au ambaye mbavu zake hubonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Kwa ufizi, matone machache yenye chembe za chumvi laini husuguliwa kwa kidole na kutemwa.

Jambo ambalo desturi na utafiti havipatani ni watoto wachanga. Familia nyingi za India kaskazini, Nepal na Bangladesh huwakanda kwa haradali tangu siku za mwanzo, ilhali watafiti wameonya kwamba mafuta haya yanaweza kudhoofisha kinga ya ngozi changa. Utafiti wa Bangladesh uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti hospitalini walipata maambukizi machache kuliko wasiopakwa. Mimi singemkanda mtoto mchanga kwa haradali.

Kuhusu kula, wapishi wa Bengal huyapasha mpaka yaanze kutoa moshi mwembamba, ili ukali upungue, ndipo watie viungo. Hata hivyo, mafuta haya ya kienyeji yana asidi ya eruki kwa wingi, ambayo katika majaribio ya wanyama imesababisha mafuta kujikusanya kwenye misuli ya moyo, na kwa hiyo Marekani hairuhusu yauzwe kama mafuta ya kupikia. Chupa zake huandikwa kuwa ni ya kupaka tu. Mwenye maradhi ya moyo asiyatumie kupikia, na mwenye vidonda vya tumbo vilevile, maana kwake hata Ayurveda yenyewe inayahesabu kuwa moto juu ya moto.