Ukimtembeza Mtu Nairobi, Anzia Kariokor

Mara ya kwanza kuwatembeza watu katika historia ya vita na utawala wa Waingereza jijini hapa, nilikosea mahali pa kuanzia. Nilikuwa na vijana kumi na wawili wa kanisani kwetu. Tukaanzia Kenyatta Avenue, kwenye Sanamu ya Askari. Wakapiga picha, wakaniuliza, "Sasa tunaelekea wapi?" Hakuna aliyeuliza wale watu watatu wa shaba ni kina nani. Tangu siku hiyo naanzia Kariokor, na ukitaka kuwatembeza jamaa zako au wanafunzi wako, nakuomba ufanye vivyo hivyo.

Panga Jumamosi, saa mbili asubuhi. Soko limeshafunguka na jua halijakuwa kali. Nina sababu nyingine ya Jumamosi, nitaieleza mbele kidogo. Watu wasizidi kumi, la sivyo wa nyuma hawatakusikia kwa honi za matatu. Kila mtu abebe maji na avae viatu vya kutembelea. Mzunguko wote unachukua kama saa nne ukisimama panapostahili.

Wasimamishe penye akina mama wa vyondo na mafundi wa akala, kisha walitamke jina la soko polepole. Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kama ilivyo Kariakoo ya Dar es Salaam. Waingereza walipopigana na Wajerumani Tanganyika katika vita vya 1914 hadi 1918, gari halikupita porini na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o. Mizigo ikabebwa vichwani. Mwaka 1917 wanaume walikusanywa kwa nguvu vijijini. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na familia nyingi hazikuonja mshahara wa marehemu wao. Hapa usiharakishe. Mpe mmoja wao abebe kichwani kiondo kilichojaa hadi mtakapotoka sokoni. Mimi humpa kijana anayecheka sana. Na kabla ya kuondoka, nunua kiondo kimoja, utakihitaji mwishoni.

Mkiwa bado upande huu wa Eastlands, simulia Operesheni Anvil, msako wa Waingereza dhidi ya Mau Mau, wapiganaji wa uhuru. Neno hilo ni fuawe, chuma ambacho mhunzi hugongea vyuma vyake. Tarehe 24 Aprili 1954, wanajeshi na polisi wapatao 25,000 walilizingira jiji, wakapita mtaa kwa mtaa wakiwatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru kando na watu wengine. Waliotiliwa shaka walipelekwa Lang'ata, kisha kambi za kizuizini za Mackinnon Road na Manyani. Ilikuwa Jumamosi. Nyanya yangu alikuwa mtaa wa Bahati, ana mtoto mgongoni. Aliniambia kilichomtisha hakikuwa bunduki. Ni yule mtu aliyevishwa gunia, matundu mawili tu ya macho. Ulipitishwa mbele yake. Akitikisa kichwa namna hii, unarudi nyumbani. Namna ile, unapandishwa lori. Babu alipandishwa lori. Nyanya alikaa miaka akiyachunguza macho ya majirani kwenye foleni ya maji.

Kama katika kundi lako kuna mzee, mwachie nafasi hapo. Sema, "Mzee, nawe ulikuwa wapi?" kisha unyamaze kabisa. Akikataa kusema, usimsukume.

Shikeni Racecourse Road hadi Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri. Zamani iliitwa Grogan Road, jina la mlowezi aliyewachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama mwaka 1907. Tafuteni Kiburi House. Jengo hili lilinunuliwa na Waafrika mwishoni mwa miaka ya 1940, na chama cha siasa cha Waafrika, KAU (Kenya African Union), kilikuwa na ofisi humo, hadi serikali ilipokipiga marufuku mwaka 1953. Simu zibaki mifukoni hapa, kuna msongamano.

Vukeni River Road na Tom Mboya Street hadi Kimathi Street. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe Kamiti. Dakika tano zinatosha, kwa kuwa hadithi yake wengi wanaijua.

Sasa ndipo muende kwa Sanamu ya Askari. Usieleze lolote. Mtafute aliyebeba kiondo, umwombe asome kwa sauti maandishi ya Kiswahili. Yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Sanamu ni ya mwaka 1928. Hakuna jina hata moja la mpagazi pale. Vijana huliona wenyewe, na kimya kinachofuata usikivunje.

Mbele kwenye barabara iyo hiyo ni Kipande House, sasa benki. Jengo ni la mwaka 1913, na hapa Waafrika waliandikishwa kipande: karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara, ikatiwa ndani ya kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni. Baadhi ya waliolazimishwa kukivaa walikuwa wametoka tu vitani. Walinzi wa benki hawapendi kamera, kwa hiyo simameni ng'ambo ya barabara.

Pandeni hadi Harry Thuku Road. Thuku alipinga kipande na kodi, akakamatwa Machi 1922. Tarehe 16 umati ulisimama nje ya kituo cha polisi ukidai aachiliwe. Wanaume walipoanza kutawanyika, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake, akawaambia waichukue, wampe yeye suruali zao. Askari wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye veranda ya hoteli ya Norfolk nao wakapiga. Serikali ilihesabu waliokufa 21. Watu wa siku hizo walihesabu zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Mtaje kwa majina yake yote matatu. Kituo cha polisi cha leo msikipige picha.

Malizieni Freedom Corner, Uhuru Park, ila ulizia mapema kama lango liko wazi. Mnara wa waliopigania uhuru na kuteswa ulizinduliwa Septemba 2015 kwa fedha za Uingereza, baada ya nchi hiyo mwaka 2013 kukubali kuwalipa fidia wazee 5,228. Mwonyeshe kila mtu zile sanamu mbili: mwanamke anampa mpiganaji chakula, lakini kila mmoja amegeuza uso wake kando. Akikamatwa mmoja, hataweza kumtaja mwenzake.

Hapo natoa kwenye kile kiondo viazi vitamu na nduma nilizochemsha alfajiri. Nawapa mmoja mmoja, kila mtu akitazama kando. Nyanya alikuwa akipeleka chakula namna hiyo.