Mabua ya mahindi msichome, waachieni minyoo na kuvu kazi yao

Jamani huku tambarare ya Moshi kuelekea Himo watu wakishavuna tu ni kuwasha moto shambani, naomba sana tuache. Moto ukipita, naitrojeni (kirutubisho kinachokuza mimea) karibu yote iliyokuwa kwenye mabua inapotelea hewani, yanabaki majivu, nayo upepo unayabeba, afu msimu ukifika tunakimbilia dukani kununua mbolea ya yurea yenye hiyo hiyo naitrojeni kwa hela nyingi.

Ukiyaacha kuna viumbe wanayafanyia kazi. Jongoo, mchwa na minyoo wanakatakata, kuvu, ule utando mweupe unaouona ukifunua majani yaliyolowa, ndo wanaoweza kuvunja zile sehemu ngumu, bakteria nao wanamalizia, na wakifa wanaachia chakula kinachofyonzwa na mizizi. Panda mlimani kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachagga) vya Marangu au Kibosho, fukua kwa mkono tu chini ya migomba na kahawa, udongo mweusi unamong'onyoka, minyoo kibao, kwa sababu majani ya migomba yanaozea pale pale pamoja na samadi ya ng'ombe wa bandani.

Ila usifukie mabua makavu leo ukapanda kesho. Yana kaboni nyingi naitrojeni kidogo, kwa hiyo bakteria wanachukua naitrojeni ya kwenye udongo ili wayaozeshe, mahindi yako yanatoka ya njano. Yatandaze juu kama matandazo au tengeneza mboji kwa tabaka: mabua yaliyokatwakatwa, samadi, majani mabichi, udongo kidogo, rudia hivyo hivyo, na maji yasizidi, ukikamua kwa mkono yatoke matone tu. Chomeka kijiti mpaka katikati, baada ya siku 3 au 4 kichomoe ukishike, kikiwa cha moto mambo yanaenda (lundo zuri linafika hata nyuzi 60), kikiwa cha baridi na kikavu ongeza maji na samadi, kikinuka vibaya ujue hewa hamna, geuza. Kugeuza ni kila wiki 2 au 3, na kwa miezi 3 hivi unakuwa na mboji.

Kwa wenye migomba, ukishakata mkungu ule mti upasue kwa urefu uutandaze ukauke haraka, maana vifukusi, wale wadudu wanaotoboa migomba, wanapenda kuzaliana kwenye gogo zima lenye unyevu. Na mgomba wenye mnyauko usiutie kabisa kwenye mboji, mwite afisa ugani auone, na panga uliloukatia lisafishe vizuri kabla hujagusa mgomba mwingine.