Kupiga na Kusafisha Filamu ya Kwanza Mahali Penye Joto

Anayeanza kupiga picha kwa filamu apunguze mambo ya kubahatisha: achague kamera moja, lenzi moja ya milimita 50 na aina moja ya filamu nyeusi na nyeupe, kwa mfano Ilford HP5 Plus ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga). Filamu ya namna hii husafishwa (yaani hutiwa dawa ili picha zitokee) nyumbani bila dawa kuhitaji kupashwa moto hadi nyuzi 38 kama zile za rangi. Filamu iliyopitwa na muda, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, iachwe kwanza, maana picha zikitoka na ukungu hutajua kama kosa ni lako au ni la filamu.

Kwa kamera, Pentax K1000 inatosha kabisa, kwani betri yake huendesha mita ya mwanga tu na shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, hufanya kazi hata betri ikiisha. Kabla ya kuinunua, fungua mfuniko wa nyuma na ukague sponji nyeusi za kingoni; zikinata vidoleni, zinahitaji kubadilishwa, la sivyo zitapitisha mwanga. Ukishaweka filamu, tazama kishikio cha kuirudishia kilicho upande wa kushoto: kisipozunguka unapovuta wenzo wa kusogeza filamu, filamu haijashika, na utapiga picha 36 za bure.

Jua likiwaka bila wingu, weka lenzi kwenye namba 16 (namba ya tundu la mwanga; ikipungua, tundu hupanuka) na shata kwenye 500, yaani 1/500 ya sekunde. Wingu likitanda kabisa, shuka hadi 8, na chini ya mwembe au barazani hadi 5.6. Jua la utosini hutia macho kivuli kizito, kwa hiyo picha za watu ni heri zipigwe barazani, na mwanga upimwe karibu na uso, si kwenye anga iliyo nyuma. Ukisita kati ya vipimo viwili, chagua kinachoingiza mwanga zaidi, kwa sababu filamu hustahimili ziada kuliko upungufu.

Kazi ngumu ni kusafisha. Filamu huingizwa kwenye rili (gurudumu la kuizungushia) ya kopo la kusafishia katika giza totoro, kwani hata taa nyekundu huiharibu. Fanya mazoezi kwanza na filamu mbovu, mchana, kisha ukiwa umefumba macho. Mikono ikitoka jasho filamu hunata kwenye rili, hivyo kazi hii ifanywe usiku, katika chumba kisicho na dirisha, mikono ikiwa mikavu.

Dawa ya ID-11, inayotoa picha kwenye filamu, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huhitaji dakika 13 katika nyuzi 20. Maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa huwa na joto zaidi ya hapo, na kuyashusha hadi 20 kwa barafu na kuyadumisha hapo ni usumbufu. Naona ni afadhali kufanya kazi katika nyuzi 24 kwa takriban dakika 9, chupa zote zikiwa ndani ya beseni moja la maji ili joto lisipandepande. Pindua kopo mara nne mwanzoni, kisha mara nne kila dakika. Baada ya hapo suuza, mimina fiksa (dawa ya kuifanya picha isiharibiwe tena na mwanga) kwa dakika 3 hadi 5, halafu osha kwa maji mapya mara tatu, ukipindua kopo mara 5, kisha 10, kisha 20. Vyombo vyote hivi visirudi kwenye chakula.

Anika filamu bafuni kwa vibanio vya nguo, mbali na feni inayopeperusha vumbi. Ikikauka, tazama namba zilizo kingoni, ambazo huwekwa kiwandani. Namba zikiwa nyeusi vizuri lakini picha ni hafifu, kamera ilipokea mwanga mdogo. Namba nazo zikififia, dawa ilikuwa dhaifu au muda haukutosha, na ndipo pa kurekebisha katika filamu inayofuata.