Aseniki kisimani: klorini kwanza, chujio baadaye

Huku kwetu Geita, mwamba wenye dhahabu mara nyingi una aseniki pia, sumu isiyoonekana majini. Kisima kikitoa maji maangavu, matamu, yasiyo na harufu, mimi bado natoa vikaratasi vya kupimia. Na usiniambie utachemsha: mvuke unaondoka, sumu inabaki sufuriani, tena imekolea.

Somo hili nililipata kwa aibu. Mama mmoja mwenye mgahawa alinipa kazi ya kufunga mashine ya osmosisi, ile yenye utando. Maji yakatoka kama machozi. Wiki haijaisha, akanipigia: "Fundi, hebu njoo uone." Kikaratasi, ambacho hubaki cheupe maji yakiwa salama, kilikuwa njano inayoelekea kahawia. Utando ulikuwa mzima, kosa lilikuwa langu. Aseniki ya visima virefu mara nyingi ni ile ya namba tatu, isiyo na chaji, na hiyo hupenya pale ambapo ya namba tano, yenye chaji, inakwama.

Kwa hiyo igeuze kwanza iwe ya tano. Klorini inamaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Hewa peke yake utamimina maji ndoo hadi ndoo mpaka mkono uume. Natia klorini kwenye simtanki kwa kipimo cha kwenye pakiti, nasubiri nusu saa, kisha nanusa. Harufu ikiwa imepotea kabisa, chuma na uchafu vimeila, naongeza. (Ukiwa na utando, tanguliza chujio la mkaa, maana klorini huula.)

Pale mgahawani nilirudi na mitungi miwili ya chembe za haidroksaidi ya chuma, rangi ya kutu, zinazonasa aseniki, lita 10 kila mmoja. Kila mtungi nataka uyashike maji dakika 5, maana yake yasipite zaidi ya lita 2 kwa dakika. Usikisie: kinga jagi, shika saa ya simu.

Mitungi hufuatana, na katikati naweka koki ndogo ya kuchukulia sampuli. Hapo kikaratasi kikianza unjano hafifu, napeleka chupa maabara. Wakisema imezidi mikrogramu 10 kwa lita, kiwango cha WHO, mtungi wa kwanza umeshiba. Nautoa, wa pili unakuja mbele, chembe mpya zinakaa nyuma. Mteja hajaonja kitu.

Kabla ya kununua chembe, pima pia pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali), na madini ya fosfeti na silika. pH ikipita 8, au hizo mbili zikiwa nyingi, chembe hushiba mapema na pesa yako imekwenda.

Kupima fanyia nje: dawa za kipimo hugeuza aseniki kuwa gesi inayopanda kwenye kikaratasi, na gesi hiyo ni sumu kali. Chembe zilizoshiba usimwage shambani. Nazifunga kwenye ndoo yenye mfuniko, naiandika, inasubiri wanaochukua taka za sumu.

Mama sasa anapima mwenyewe kila Jumatatu, na vikaratasi anavibandika kwenye daftari la mauzo. Cha wiki hii ni cheupe.