Jinsi ya Kuchagua, Kufunga na Kutunza Vishikio Vyepesi vya Plastiki kwenye Ukuta wa Kukwea

Vishikio vya kuta za kukwea za ndani kwa kawaida humiminwa: rezini ya poliesta iliyochanganywa na mchanga, au poliyurethani, humwagwa kwenye kalibu ya silikoni na kuachwa igande. Vile vyepesi hutengenezwa kwa njia nyingine kabisa. Bamba la plastiki, kwa mfano la ABS, PETG au polikaboneti, hupashwa joto mpaka lilegee, hutandazwa juu ya kalibu, kisha hewa iliyo chini yake hufyonzwa ili bamba livutwe na kushika umbo. Kinachopatikana ni gamba lenye uvungu. Anayekusudia kulifunga ukutani inampasa aanze kwa kulielewa gamba hilo, kwani makosa mengi ya ufungaji hutokana na kulichukulia kana kwamba limejaa ndani.

Plastiki haiongezeki inapovutwa, bali hutanuka na kuwa nyembamba. Ukitaka kupata nusu tufe kutokana na duara bapa, eneo la uso huongezeka mara mbili, hivyo bamba la milimita 6 hubaki na unene wa wastani wa milimita 3. Na huo ni wastani tu: sehemu inayogusa kalibu kwanza hupoa na kubaki nene, ilhali inayofika mwisho ndiyo inayovutwa zaidi. Ikiwa kalibu ilikuwa ya shimo, ukingo wa kishikio utakuwa mnene na pua yake, yaani pale mkono unaposhika, itakuwa nyembamba. Ikiwa ilikuwa ya nundu, mambo hugeuka: pua ni imara na ubavu unaoshukia kwenye ukingo ndio dhaifu.

Kutambua aina ya kalibu si kazi ngumu. Upande uliogusa kalibu huchukua mikwaruzo na chembechembe zake zote, na mara nyingine huwa na vijipele vidogo vilivyoachwa na matundu ya kufyonzea hewa. Vikiwa nje, chunguza pua; vikiwa ndani, na uso wa nje umepakwa rangi yenye mchanga ili kuupa ukwaru, chunguza ubavu. Weka kishikio kifudifudi juu ya meza, kibonyeze kwa gumba hatua kwa hatua kutoka katikati hadi ukingoni, na usikilize. Panapobonyea na kurudi kwa mlio panaonyesha wembamba uliopitiliza. Kisha washa tochi ndani ya uvungu: kama plastiki ni ya rangi hafifu, mwanga utapenya zaidi mahali palipo pembamba. Alama nyeupe kwenye pembe za ABS ni dalili kwamba plastiki imekwisha kukunjwa kupita uwezo wake, na kishikio cha namna hiyo hakifai hata kama ni kipya.

Faida ya wepesi huonekana kwenye maumbo makubwa. Nusu tufe la ABS lenye kipenyo cha sentimita 40 na unene wa milimita 3 lina uzito wa chini kidogo ya kilo moja, wakati umbo hilohilo la poliyurethani iliyojaa lingezidi kilo 17. Ni kweli kwamba watengenezaji huacha uvungu hata kwenye vishikio vikubwa vya kumimina, lakini tofauti bado ni kubwa, na mtu anayepanga njia ya kukwea akiwa juu ya ngazi, mkono mmoja ukishika kishikio na mwingine keekee, ataihisi mara moja. Kwa hiyo vitumike kwenye dari, kwenye kuta zilizoinama sana na kwenye kuta za kuhamishika. Kwa vishikio vidogo vya ncha za vidole sioni sababu ya kuacha kutumia vile vya kumimina, kwa kuwa uzito unaookolewa ni mdogo na kingo kali ndizo plastiki iliyovutwa inazozimudu vibaya zaidi.

Kabla ya kufunga, tayarisha ukuta. Gamba halibebi mzigo peke yake. Hubebwa na ukingo wake unaokaa juu ya plaiwudi. Palipo na mwanya chini ya ukingo, plastiki itapinda kila mkweaji anapoweka uzito wake, na kupinda huko kunakorudiwarudiwa ndiko huzaa ufa. Weka rula ndefu iliyonyooka juu ya eneo lote litakalofunikwa, kwangua matone ya rangi, vunja vibanzi vilivyoachwa na skurubu za zamani, na usifunge kishikio juu ya maungio ya mbao mbili zilizopishana kimo.

Vishikio vingi vya aina hii hufungwa kwa skurubu kadhaa kuzunguka ukingo. Tumia skurubu zenye kichwa bapa kwa chini, pamoja na washa, yaani kipete bapa kinachokaa chini ya kichwa. Kichwa cha umbo la koni kisitumike kwenye tundu la kawaida, kwa maana huingia kama kabari na kuipasua plastiki polepole, na mara nyingi ufa hauonekani siku ya kwanza. Tundu kwenye plastiki liwe pana kidogo kuliko skurubu: kwa skurubu ya milimita 5, tundu la 5.5 au 6 linatosha, ili meno yashike mbao tu na plastiki ipate nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Urefu utoshe kupenya unene wote wa plaiwudi, ambao kwa kawaida ni milimita 18, na nyuma ya ukuta pakaguliwe ili ncha zilizochomoza zisimjeruhi mtu wa matengenezo. Ingiza skurubu zote bila kuzikaza, halafu zikaze kwa kuvuka upande hadi upande, na umalizie kwa bisibisi ya mkono. Keekee ya umeme haina hisia ya plastiki. Ukingo ukianza kuzama chini ya washa, umekwisha kupitiliza.

Bolti ya M10, yaani yenye kipenyo cha milimita 10, inayoingia kwenye nati iliyopachikwa nyuma ya plaiwudi inahitaji tahadhari zaidi. Kishikio chenye uvungu kikikazwa kwa bolti ya katikati bila kitu cha kuegemea, juu hubonyea na ukingo hunyanyuka. Hakikisha basi kwamba ndani yake mna nguzo au bomba linalofika hadi ukutani, na kwamba kichwa cha bolti kinakalia washa ya chuma. Ongeza skurubu moja au mbili pembeni ili kishikio kisizunguke. Usitoboe gamba ili kufunga kishikio kingine juu yake, isipokuwa mtengenezaji ameweka nati na kiimarisho mahali hapo. Ukinunua, uliza kama bidhaa imepimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 12572-3, kinachohusu vishikio vya kukwea.

Baada ya kufunga, gonga kishikio kwa kiganja: mlio wa kutikisika una maana kwamba kuna skurubu iliyolegea au mwanya chini ya ukingo. Kivute kwa mikono pande zote, kisha uning'inie ukiwa karibu na godoro kabla ya kuwaruhusu wengine. Rudia kukaza siku inayofuata na tena baada ya wiki moja au mbili, kwa sababu plastiki iliyobanwa hunywea kidogo kidogo na bolti hupoteza mkazo wake hata kama hakuna aliyeigusa.

Kemikali huharibu vishikio hivi kuliko wengi wanavyodhani. Gundi ya majimaji ya kuzuia bolti isilegee, ambayo ni ya kawaida kwenye mitambo, inaweza kuifanya ABS au polikaboneti iliyo kwenye mkazo kupata nyufa nyembamba kuzunguka tundu. Asetoni na thina huyeyusha ABS, na sabuni kali za magadi hudhuru polikaboneti. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi ya nailoni ili kutoa chaki na alama za mpira wa viatu. Maji ya moto yaepukwe, kwani PETG huanza kulegea karibu na nyuzi 80 za Selsiasi. Vishikio vilivyo karibu na madirisha yanayopigwa na jua vikaguliwe mara nyingi zaidi, kwa kuwa mionzi huifanya ABS kuwa kavu na rahisi kuvunjika.

Kishikio chenye ufa kisizibwe kwa gundi wala kurudishwa ukutani kwa sababu ufa ni mfupi. Kitoe siku hiyohiyo na ukikate vipande viwili kabla ya kukitupa, maana kilichowekwa pembeni kikiwa kizima kina tabia ya kurudi kwenye sanduku na kufungwa tena na mtu asiyejua. Andika tarehe ya kukifunga kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya uvungu wa kila kishikio kipya, kisha uorodheshe vinavyopasuka pamoja na mahali vilipokuwa ukutani. Vikianza kupasuka mahali pamoja, kagua ukuta kabla ya kuagiza vingine.