Jinsi ya Kucheza Vita vya Lugalo Mezani

Kikundi cha Dodoma kinachoanza mchezo wa vita vya kihistoria kwa vijisanamu kingefanya vyema kuanza na Lugalo, karibu na Iringa, ambako tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikisambaratisha kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, naye mwenyewe akauawa.

Tafuteni meza ya sentimita 180 kwa 120, itandikeni kitambaa cha rangi ya nyasi kavu, kisha pangeni mawe na vichaka pande zote mbili za njia nyembamba. Kijisanamu kimoja kikiwakilisha watu 20, Wahehe wapatao 3,000 watahitaji vijisanamu 150, na askari wapatao 320 watahitaji 16. Vioshwe kwa sabuni kabla ya kupakwa rangi, maana vumbi letu huizuia rangi kushika.

Kiini cha pambano hili ni shambulio la ghafla. Kikosi kilikuwa kikitembea kwa mstari mrefu, mizinga ikiwa imebebwa na punda. Kwa hiyo, katika zamu ya kwanza, kundi lolote la askari lisiruhusiwe kufyatua risasi mpaka dadu yake itoe 5 au 6. Mchezaji wa Wahehe aandike mapema mahali alipowaficha watu wake, na karatasi hiyo ashike mwamuzi, jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote.

Mchezaji wa Wajerumani ahesabiwe ushindi akitoa vijisanamu 4 salama mezani.